Anayebaki na Anayetoweka: Jinsi Viumbe wa Majini Wanavyofichua Metali Kwenye Vijito

Ukichota maji saa nane mchana kwenye kijito kinachopita chini ya mgodi wa zamani, maabara inaweza kukuambia kwamba zinki iliyomo ni ya kuvumilika. Rudi palepale kabla ya alfajiri, na chupa ya pili inaweza kuonyesha zinki mara mbili, mara tatu au zaidi. Hakuna aliyemwaga kitu usiku. Mchana, mwani uliotanda juu ya mawe hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kufyonza kaboni dioksidi kutoka majini. Asidi ya maji inapungua, na zinki inanata kwenye utando wa mwani na bakteria. Jua likizama, viumbe wote wanaendelea kupumua bila mwani kufyonza chochote, asidi inapanda, zinki inabanduka na kurudi majini. Watafiti wamelipima jambo hili mara nyingi kwenye vijito vya milimani magharibi mwa Marekani. Sasa fikiria mkaguzi anayefanya kazi saa za ofisi: kila mara anafika mtoni wakati zinki iko chini.

Ongeza mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha chumvi za metali zilizokauka juu ya marundo ya mabaki ya uchenjuaji, ikazishusha mtoni kwa saa chache, kisha maji yakarudi kuwa meupe. Chupa ya maji haisemi uongo, ila inasema habari za ile sekunde iliyojazwa tu.

Viumbe wanaoishi humo hawana saa za ofisi. Wanakunywa, wanapumua na kula kijito hicho usiku na mchana, kwenye mafuriko na kwenye ukame, kwa wiki, miezi au miaka. Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakiwaendea wao kuuliza habari za metali: shaba, zinki, risasi, kadimiamu, zebaki na jamaa zake kama aseniki. Wazo ni rahisi. Utekelezaji wake una mitego mingi, na makala hii inahusu zaidi mitego hiyo, kwa sababu ndiyo inayotenganisha takwimu zenye maana na namba tupu.

Maswali mawili yanayochanganywa

Mwaka 1924 Kathleen Carpenter, mwanabiolojia wa Uingereza, alichapisha utafiti wake kuhusu mito iliyochafuliwa na migodi ya risasi karibu na Aberystwyth, Wales. Hakuwa na mashine za kupima metali kwenye tishu kama za leo. Alichofanya ni kuorodhesha nani yupo na nani hayupo. Palipochafuka zaidi samaki hawakuwapo, wala konokono, wala jamii ya kaa na kamba. Waliosalia walikuwa zaidi wadudu wa aina chache. Miaka michache baadaye akaonyesha jinsi chumvi za metali zinavyowaua samaki: ute unaofunika matamvua unaganda, na samaki anakosa hewa akiwa ndani ya maji yenye hewa ya kutosha.

Orodha ya Carpenter ilikuwa ya walioondoka. Nusu karne baadaye likaja wazo la upande wa pili. Mwaka 1975 mwanasayansi wa bahari Edward Goldberg alipendekeza kome watumike kufuatilia uchafuzi wa pwani za dunia: unawakusanya, unasaga nyama yao, unapima kilichomo. Hapa kinachotafutwa ni kiumbe aliyebaki, tena aliyebeba mzigo. Wazo hilo la baharini lilikuwa na wenzake kwenye maji baridi, ambako kome wa mitoni, wadudu, vimea vya mosi na samaki walitumika vivyo hivyo.

Hayo ni maswali mawili tofauti, ingawa ripoti nyingi huyatia kwenye sentensi moja. La kwanza: metali inaingia kwenye miili ya viumbe kwa kiasi gani? La pili: je, inawadhuru? Kiumbe anayefaa kwa swali la kwanza ni sugu, anayeweza kubeba shaba nyingi mwilini na bado akaonekana kwa wingi pale mahali pabaya kabisa. Anayefaa kwa swali la pili ni dhaifu, na jibu lake ni kutokuwapo. Huwezi kupima kadimiamu kwenye mwili wa mdudu ambaye hayupo. Na ukimpima yule sugu ukakuta amejaa metali lakini ana afya, huna haki ya kutangaza kwamba kijito kizima kina afya.

Mdudu mwenye wavu

Tumwangalie mmoja wa walio sugu kwa karibu. Hydropsyche ni mdudu wa oda ya Trikoptera, ambaye akishakomaa huruka kama nondo mdogo. Kabla ya hapo huishi majini akiwa buu mwenye urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi, mwili laini wa kahawia, vibamba vitatu vigumu mgongoni nyuma ya kichwa, na vishungi vya matamvua chini ya tumbo. Hatembei sana. Huchagua mahali penye mkondo kati ya mawe, akafuma wavu mdogo wa hariri, kisha akakaa pembeni kusubiri mkondo umletee chakula: vipande vya mwani, majani yaliyooza, na tope jembamba. Ukiinua jiwe utamkuta amejikunja kwenye kijumba chake cha changarawe, na akikasirika huuma kidogo.

Kwa mtafiti wa metali, huyu ni zawadi. Hahami, kwa hiyo anachobeba kimetoka hapo. Anapatikana mito mingi, safi na michafu. Anakula chembe ndogo zinazoelea, na chembe hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya metali za mtoni. Kwenye Mto Clark Fork, jimbo la Montana, ambako uchimbaji wa shaba wa Butte na kiwanda cha kuyeyushia madini cha Anaconda viliacha mabaki yaliyosambazwa na mafuriko, hasa yale makubwa ya mwaka 1908, wanasayansi wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, wamekuwa wakikusanya Hydropsyche na ndugu yake Arctopsyche tangu miaka ya 1980. Picha inayotoka ni ya wazi: shaba ni nyingi mwilini kwa walio karibu na chanzo, na inapungua kadiri mto unavyoshuka, lakini athari inasomeka umbali mrefu sana chini ya mto, mahali ambapo jicho la kawaida lingeona mto wa kuvutia tu.

Kazi yenyewe ni ya uangalifu wa kuchosha. Mabuu hutolewa kwa kibano cha plastiki, kwa sababu kibano cha chuma ni metali nacho. Vyombo huoshwa kwa asidi kabla ya safari. Buu mmoja akikauka huwa na uzito wa miligramu chache, kwa hiyo hukusanywa wengi wa ukubwa unaolingana, hugandishwa, hukaushwa, husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya nitriki, na ndipo spektrometa, mashine ya kupima metali, inaposoma mikrogramu kwa kila gramu ya uzito mkavu. Ukichanganya wakubwa na wadogo, au wa mwezi wa njaa na wa mwezi wa neema, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya umri au unene, wala si ya mto.

Kuna na suala la utumbo. Buu aliyetoka tu kula ana tope tumboni, na tope hilo lina metali ambayo haijaingia mwilini mwake. Wengine humweka kwenye maji safi kwa saa kadhaa ajisafishe kwanza. Wengine wanakataa: samaki akimla buu huyo hamli bila utumbo. Kwa maoni yangu wote wawili wako sahihi, mradi waseme wazi wanauliza nini. Ukitaka kujua mwili wa mdudu umefyonza nini, msafishe. Ukitaka kujua samaki anapata nini, mwache alivyo. Kosa ni kulinganisha takwimu za kundi moja na za kundi la pili kana kwamba zimepatikana kwa njia ileile.

Namba iliyo mwilini inatoka wapi

Mwili wa kiumbe wa majini hupokea metali kwa milango miwili: maji yanayopita kwenye matamvua na ngozi, na chakula. Kwa muda mrefu wataalamu walitazama mlango wa kwanza tu, kwa kuwa ndio rahisi kuuiga maabara. Samuel Luoma na Philip Rainbow ni kati ya waliosisitiza kwamba ni lazima kuhesabu yote: kasi ya kuingia kwa njia ya maji, kiasi kinacholiwa na sehemu yake inayosharabiwa, kasi ya kutoka, na kasi ya kukua, kwa sababu mwili unaokua hupunguza mzigo kwa kuusambaza kwenye nyama nyingi zaidi. Kila aina ya kiumbe ina viwango vyake. Kwa wadudu wengi wa mitoni, chakula hubeba sehemu kubwa kuliko maji.

Matokeo yake ni kwamba huwezi kulinganisha aina mbili kwa namba ghafi. Kaa, kamba na jamaa zao wenye miguu kumi wana uwezo wa kudhibiti zinki: mto ukichafuka, wanaiondoa kwa kasi ile inayoingia, na mwili unabaki na kiasi kilekile mpaka uwezo wa kudhibiti ushindwe. Ukiwatumia kupima zinki watakuambia hakuna tatizo, hadi siku tatizo litakapokuwa kubwa mno. Tena damu yao hubeba hewa kwa protini yenye shaba, na ya konokono wengi ni hivyohivyo, kwa hiyo shaba fulani mwilini mwao ni ya lazima. Kadimiamu na risasi hazina kazi inayojulikana kwenye miili hiyo, na kwa kawaida zikiingia hulimbikizwa tu.

Wadudu na kamba wana ujanja mwingine: wakijivua gamba la zamani, metali iliyonata juu yake inakwenda nalo. Na mdudu anapobadilika kutoka buu kuwa mwenye mabawa, hupoteza sehemu kubwa ya metali kama kadimiamu na zinki. Hilo lina maana kwa buibui na ndege wa kando ya mto wanaokula wadudu wanaotoka majini. Kwa metali nyingi, hasara kubwa kwao huja kwa njia ya njaa, kwa kuwa wadudu wanaofanikiwa kuruka wanakuwa wachache. Sumu ndani ya wadudu waliosalia huja nyuma ya hapo.

Mosi, vimea vifupi vya kijani vinavyotanda kwenye mawe yenye maji, hawana tumbo wala gamba la kujivua, wala hawana mizizi ya kunyonya kutoka kwenye udongo. Wanapokea kutoka kwenye maji moja kwa moja, haraka, na wanaachia polepole. Ndiyo sababu aina kama Fontinalis antipyretica hutiwa kwenye mifuko ya wavu na kufungwa mtoni wiki chache, juu na chini ya bomba linaloshukiwa. Njia hii ina sifa moja kubwa: unaamua mwenyewe kiumbe akae wapi na kwa muda gani, hata mahali ambapo kila kitu kimeshakufa. Kome nao huwekwa hivyo kwenye vizimba. Nyongeza ndogo tu: tumia aina iliyopo tayari kwenye mto huo. Kome wa milia, Dreissena polymorpha, ni kipimo kizuri sana huko Ulaya, lakini ukimwingiza kwenye mto mgeni umeleta balaa kubwa kuliko ile uliyokwenda kuipima.

Shaba ileile, madhara tofauti

Jambo moja huwachanganya hata wenye elimu ya kemia. Vijito viwili vina shaba sawasawa, tuseme mikrogramu 15 kwa lita. Kimoja kina samaki, kingine hakina. Sababu ni kwamba jumla ya shaba siyo inayouma. Inayouma zaidi ni ioni huru ya shaba, yaani chembe yenye chaji isiyofungwa na kitu kingine, inayoweza kushika kwenye matamvua. Maji ya rangi ya chai, yaliyopita kwenye majani yaliyooza, yana asidi za mboji zinazoishika shaba na kuifunga. Maji magumu yana kalsiamu nyingi, nayo ni kama abiria aliyewahi kiti: ikishakaa kwenye matamvua, shaba inabaki imesimama. Maji laini na meupe ya milimani hayana ulinzi wowote kati ya huo. Ole wao samaki wa huko.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikubali mantiki hii mwaka 2007 lilipotoa viwango vya shaba kwa maji baridi vinavyokokotolewa kwa kuangalia kemia ya maji husika badala ya namba moja kwa mito yote. Kiumbe yeye hufanya hesabu hiyo bila kuombwa. Shaba iliyomo mwilini mwake ni ile iliyofanikiwa kuingia.

Hata kiasi kisichoua kinaweza kuharibu. Samaki wachanga wa jamii ya salmoni wakikutana na mikrogramu chache tu za shaba kwa lita katika maji laini, pua zao zinapotewa na uwezo wa kunusa ndani ya muda mfupi. Samaki asiyenusa adui hukimbia akiwa amechelewa. Ukimpima mwili siku hiyo, huenda usione chochote cha ajabu.

Wanaotoweka

Sasa upande wa pili. Efemera ni wadudu wenye mabawa yanayong'aa ambao wakishakomaa huishi saa au siku chache tu, lakini tunutu wao, yaani watoto wasio na mabawa, hukaa majini miezi mingi. Familia ya Heptageniidae ina tunutu bapa, waliolala juu ya jiwe kana kwamba wamepigwa pasi, macho juu ya kichwa, matamvua kama majani madogo pembeni mwa tumbo. Wanakwangua utando wa mwani, yaani ule utando uleule unaonasa zinki. Mfumo wa matamvua hayo mapana unawapa hewa nyingi, na chakula chao kinawapa metali nyingi.

Kwenye Mto Arkansas, karibu na Leadville, Colorado, William Clements na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State wamefuatilia wadudu hawa kwa miongo kadhaa. Familia hii ndiyo inayopungua mapema metali inapoongezeka, huku Hydropsyche na aina kadhaa za mabuu ya Kironomidi, wadudu wadogo wanaofanana na mbu, wakiendelea na maisha yao. Idadi ya jumla ya wadudu inaweza isibadilike kabisa. Mtu anayehesabu vichwa tu atasema mto ni mzima.

Hapa kuna fumbo lililowasumbua wataalamu kwa muda. Ukimchukua tunutu wa efemera maabara, ukamweka kwenye maji yenye zinki au kadimiamu kwa saa 96, kipimo cha kawaida cha sumu, kwa kawaida anaishi katika viwango vya juu ajabu, vinavyozidi mara nyingi vile vinavyomfuta mtoni. Je, mtoni kuna kitu kingine kinachomwua? Au maabara inakosea?

Maabara ndiyo inayokosea zaidi, na kwa sababu kadhaa zinazoshikana. Tunutu wanaopelekwa maabara ni wakubwa, kwa kuwa ndio rahisi kuwashika na kuwatambua, na wakubwa ni sugu kuliko wachanga. Saa 96 ni chache kwa mdudu ambaye metali humwingia polepole kwa wiki nyingi. Na katika kipimo hicho hapewi chakula chenye metali, ilhali chakula ndio mlango wake mkuu. Clements alilikabili tatizo hili kwa kuweka trei zilizojaa mawe mtoni, akaziacha wiki kadhaa wadudu wahamie wenyewe, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mwani wao, kisha akazihamishia kwenye mikondo bandia na kuwaongezea metali. Katika jaribio la namna hiyo, lenye jamii nzima, wadudu waliathirika kwa viwango vya chini vinavyokaribiana na vile vya mtoni. Mimi naliona hili kuwa onyo kubwa kwa sheria zozote zinazojengwa juu ya kipimo cha siku nne: zinaweza kumlinda mdudu mzee na kumwua mwanawe.

Lakini kutoweka nako kuna udhaifu wake. Efemera wanaweza kukosekana kwa sababu ya maji machafu ya vyoo, joto, ukame, dawa za mashambani au mchanga uliofunika mawe. Hata kwenye mgodi, si kila madhara ni sumu: mwamba wenye pairiti, madini ya chuma na salfa, ukikutana na hewa na maji hutoa asidi na chuma, na chuma hicho kikishafika kwenye maji yenye asidi kidogo huganda kuwa tope la rangi ya chungwa linaloziba nafasi kati ya changarawe. Wadudu wanaokosa pa kukaa watatoweka hata kama sumu ni ndogo. Alama nyingi za kawaida za afya ya mito zilibuniwa kwa ajili ya uchafu wa vyoo na upungufu wa hewa. Mdudu anayepewa alama ya juu kwa kupenda hewa nyingi si lazima awe dhaifu kwa shaba. Plekoptera kadhaa, wadudu wengine wanaoanza maisha majini, ambao hukimbia maji ya vyoo mapema kabisa, huvumilia metali vizuri kuliko Heptageniidae. Ukitumia alama hizo bila kufikiri utakosa tatizo lililo mbele ya macho yako.

Dalili za katikati

Kati ya kubeba mzigo na kufa kuna dalili za mwilini. Mwaka 1957 Margoshes na Vallee walitenga kwenye figo ya farasi protini inayoshika kadimiamu, iliyokuja kuitwa metalothionini. Samaki, kome na wengine wengi huitengeneza kwa wingi metali zikizidi, ili kuzifunga zisizurure ndani ya seli. Ikipanda kwenye ini au matamvua, mwili unajitetea. Shida ni kwamba hupanda pia kwa misukosuko mingine. Dalili mahususi zaidi ni ya risasi: kimeng'enya kinachoitwa ALAD, kinachohitajika kutengeneza damu, huzimwa na risasi, na kipimo cha damu ya samaki kinaweza kuonyesha hivyo kabla samaki hajaonekana mgonjwa.

Diatomu, mwani wenye ganda la kioo, hupata maganda yaliyopinda. Mabuu ya Kironomidi hupata kasoro kwenye bamba la mdomo: ukilitazama chini ya hadubini, lile safu la meno linalopaswa kuwa sawa pande zote linaonyesha jino lililopotea, meno mawili yaliyoungana, au pengo katikati. Picha hizo zinavutia sana kwenye ripoti. Mimi nashauri kuzitumia kwa tahadhari: hata vijito safi huwa na mabuu wachache wenye kasoro, na majaribio ya maabara ya kuzizalisha kwa metali peke yake hayajatoa matokeo yanayokubaliana.

Kome wana dalili ya haraka kuliko zote, kwani hufunga ganda wakikerwa. Warsaw, Poland, mtambo unaochukua maji chini ya Mto Vistula una kome wanane waliounganishwa na vipima vya sumaku vinavyosoma ganda limefunguka kiasi gani. Wakijifunga wengi kwa pamoja, mfumo unapiga kengele. Hawatasema ni metali au ni kitu kingine, ila watasema sasa hivi, na hakuna spektrometa inayowahi hivyo.

Zebaki

Kila nilichosema kuhusu minyororo ya chakula hakifai kwa zebaki. Shaba, zinki, kadimiamu na risasi kwa kawaida haziongezeki kutoka anayeliwa hadi anayekula kwenye vijito. Zebaki huongezeka. Bakteria kwenye tope lisilo na hewa huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hushika kwenye misuli na kutoka polepole mno, na kila hatua ya mnyororo inaikusanya zaidi. Maji yanaweza kuwa na kiasi kidogo kisichopimika kirahisi huku samaki mzee mla samaki akiwa hafai kuliwa. Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye methili-zebaki ya kiwandani uligunduliwa rasmi mwaka 1956, palikuwa baharini, lakini sumu ilipanda mnyororo wa chakula vivyo hivyo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha zebaki ndani ya samaki wenyewe: mikrogramu 20 kwa kilo ya uzito mbichi. EPA ilifuata mantiki hiyo mwaka 2016 kwa seleniamu, ambayo si metali kamili: kipimo kinachopewa uzito wa kwanza ni kilichomo kwenye mayai ya samaki, kwa kuwa madhara yake makubwa hutokea kwa watoto.

Kijito kinapopona

Mtego wa mwisho uko kwenye kutafsiri nafuu. Chanzo kikizibwa, metali mwilini mwa mabuu hushuka ndani ya vizazi vichache, kwa sababu kizazi kipya kinaanza na mwili mtupu, mradi tope na mwani navyo vimepungua metali. Jamii ya viumbe haifuati ratiba hiyo. Wadudu wenye mabawa hurudi kwanza, wakitaga mayai kutoka kwenye vijito vya jirani, ikiwa vipo na ni safi. Konokono wanatambaa, na safari yao ni ndefu. Kome wengi wa maji baridi wako nyuma zaidi, kwani watoto wao huanza maisha wakiwa wameng'ang'ania matamvua au mapezi ya samaki, na baadhi ya aina zinakubali samaki wa aina chache tu. Kwa hiyo ukikuta, miaka mingi baada ya usafi, Hydropsyche wenye shaba kidogo na efemera wamejaa mawe lakini hakuna hata kome mmoja mchanga, chunguza kwanza kama samaki wao wamerudi, na kama kuna bwawa linalowazuia kupanda, kabla hujaandika kwamba metali bado imo.